Safari ya Kumbariki Golikipa

Ndugu zangu, tangu nirudi, kila anayenikuta kisimani au kwenye shamba la kijiji ananiuliza habari za Dar es Salaam, na kila mmoja nimempa kipande. Aliyeuliza asubuhi kapata habari za treni, aliyeuliza jioni kapata habari za mpira wa magongo. Sasa nasikia vipande vyenyewe vinagombana. Mmoja anasema nilifungwa. Mwingine anasema nilikwenda kumroga mtu. Basi nimeona niandike yote, toka mlangoni kwangu hadi niliporudi mlangoni kwangu, nanyi mnaojua kusoma muwasomee wenzenu. Namshukuru Mungu aliyenipeleka na kunirudisha mzima. Hilo nalisema mwanzoni, maana huko mbele shukrani zitakuwa chache.

Kinyangiri hadi barabara kuu

Mwanangu Zefania anafanya kazi katika karakana moja Dar es Salaam, kazi ya kunyoosha vyuma. Huko wenzake walimfundisha mpira wa magongo, ambao Wahindi na Magoa wanaucheza toka zamani. Kila mchezaji ana gongo lililopinda mwishoni kama bakora iliyogeuzwa kichwa chini, na mpira wenyewe ni mdogo, mgumu kama jiwe. Zefania aliwekwa golini kwa sababu moja tu: hakuna mwingine aliyekubali kupigwa nao. Yeye alikubali. Toka utoto wake ni mtu wa kusimama pale alipowekwa.

Baada ya mavuno alikuja likizo kijana wa Misigiri anayefanya kazi naye, akatuletea maneno yake. Kulikuwa na mashindano ya nchi chache za jirani. Si yale makubwa, ni ya nchi ambazo bado ziko chini katika mchezo huo, nayo yangechezwa Dar es Salaam. Golikipa wa kwanza wa nchi yetu alikuwa amevunjika kidole, na Zefania akaitwa mahali pake. Wachezaji watakaofanya vizuri wangechukuliwa katika timu ya kwenda Ulaya, na mkuu wa karakana alikuwa amemwahidi Zefania kwamba akifika huko ataachwa mwaka mmoja asomee ufundi.

"Lakini anaomba baba aje," yule kijana akasema. "Anasema aliondoka nyumbani bila maziwa."

Mimi na mama yake tulitazamana, kwa kuwa ilikuwa kweli. Ninyi mnajua desturi yetu, ila naiandika kwa ajili ya watoto wenu waliozaliwa mjini. Mtoto anayekwenda kusimama mbele ya watu hubarikiwa na baba yake. Mama hukamua ng'ombe wake mwenyewe. Baba hupiga funda la maziwa hayo, humpulizia mtoto kifuani akimtakia heri, na yanayobaki huyamwaga mahali ambapo mtoto atasimama, ili mahali hapo pampokee. Zefania alipoondoka ulikuwa mwaka wa njaa. Ng'ombe walikuwa wakavu, tukaagana kwa maneno matupu.

Wapo watakaouliza inakuwaje mwinjilisti kama mimi ashike mambo hayo. Wazungu wa misheni waliotubatiza waliyakataza. Mchungaji wetu wa sasa, ambaye ni mtoto wa hapa hapa, alituambia maziwa ni ya Mungu na jambo la maana ni jina linalotajwa juu yake. Mimi humtaja Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Simtaji mwingine.

Mama Zefania alikamua alfajiri, akajaza kibuyu kidogo, akakifunga kamba ya kuvaa shingoni. Akanikumbusha masharti: kibuyu kisiguse ardhi njiani, na maziwa yasinywewe na mtu mwingine.

"Yatachacha kabla sijafika Manyoni," nikamwambia.

"Na wewe umechacha zamani, mbona bado unahubiri."

Nikaondoka nikicheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho ninachokikumbuka katika safari ile.

Nilitembea juu ya tuta la reli ya zamani, ile iliyofika hapa kwetu halafu ikang'olewa kabla ya Uhuru. Pale vyuma vilipolala sasa panapita mbuzi. Njiani nilikutana na watu wanaohamia kijiji cha ujamaa. Walikuwa wamebomoa tembe zao na kubeba nguzo kichwani, na mzee mmoja amebeba mlango peke yake. Nilimwamkia, naye akaitika vizuri, lakini hakuutua ule mlango wala hakuongeza neno. Nadhani angeutua asingeuinua tena.

Barabarani nilisubiri lori. Waliokuwa wamekaa pale waliniambia lori litokalo upande wa Sekenke limekwama mlimani. Wengine wakasema limeshapita. Mama mmoja akasema yeye yuko pale toka jana na hajaona kitu kinachoitwa lori. Tulikaa. Watu walitua mizigo yao wakalala juu yake; mimi nilikaa na kibuyu mapajani kama mama mwenye mtoto. Lori lilipokuja lilikuwa limejaa magunia ya mbegu za pamba, tukapanda juu ya magunia.

Singida hadi Manyoni

Singida mjini nilikula ugali wa mtama na mlenda katika hoteli moja ndogo karibu na stendi. Mwenye hoteli aliona siweki kibuyu chini wala mezani, akaniuliza kama nina maji ya mganga. Nikamwambia mimi ni mwinjilisti. Akasema, "Hata hao siku hizi wanabeba." Watu walicheka, nami nikala haraka nikatoka. Laiti ningelisikiliza neno lile kwa sikio la pili.

Basi la Manyoni liliharibika tulipokwisha kuipita Ikungi. Dereva alilala chini ya gari muda mrefu sana, na kila tulipomwuliza alijibu "Tayari, tayari." Jua likatushukia. Palikuwa na Mwislamu mmoja, mfanyabiashara wa ngozi, aliyeswali pembeni ya barabara, alipomaliza akaniambia, "Mzee, na wewe omba kwa njia yako, labda mmoja wetu atasikilizwa." Nikaomba. Basi likawaka, tukaondoka, na mbele kidogo likazimika tena. Yule bwana akasema, "Hiyo ya kwanza ilikuwa yangu."

Treni tuliyoitaka Manyoni ilikuwa imeshaondoka. Iliyofuata, walituambia, itakuja itakapokuja. Hapo stesheni mgambo alinisimamisha akitaka kujua kama kibuyu kina pombe ya moshi. Nilikifungua, akainama akanusa, akarudi nyuma.

"Mzee, hii imekufa."

"Haijafa, mwanangu. Inasafiri."

"Basi safiri nayo mbali na ofisi ya stesheni masta."

Ndivyo nilivyoingojea treni nje, kwenye mchanga, pamoja na wenye kuku na wenye wagonjwa. Mashindano, nilijua, yalikuwa yameshaanza.

Ndani ya treni

Karibu nami alikaa mama mmoja kijana wa Itigi. Alikuwa na mtoto mdogo mwenye homa anayempeleka hospitali Dodoma. Mtoto hakulia. Angelia ningefarijika. Alilala tu na macho nusu wazi, na midomo yake imekauka ikapasuka. Mama alinisalimu kwa heshima, shikamoo baba, akawa anampepea mtoto kwa kanga mpaka treni ilipoanza kuteremka mlima. Halafu akasema, "Baba, nimesikia harufu ya maziwa. Ziwa langu limekauka. Naomba tone tu nimlowanishe mdomo."

Nikamwambia maziwa yale yamechacha. Akasema mtoto huyo huyanywa hata yaliyochacha. Nikamweleza basi kwamba yana kazi yake, ni ya mwanangu, na mama yake alitoa sharti.

"Sawa, baba," akasema. Hakuniangalia vibaya. Alimgeuza mtoto upande wa pili akatazama dirishani.

Tulipofika Saranda nilishuka mbio, nikamnunulia kuku wa kuchemsha na mchuzi wake katika kopo. Alishukuru. Alimtia mtoto mchuzi kwa kidole, nao ukatoka pembeni ya mdomo. Wakashuka Dodoma wote wawili, mama anatembea polepole katikati ya watu wanaosukumana, nami kutoka dirishani niliwaangalia mpaka nilipowapoteza. Sikuuliza jina lake.

Treni ilipoondoka ndipo nilipokumbuka jinsi Daudi na watu wake walivyopewa mikate ya wonyesho, ambayo haikuwa halali kwao, kwa sababu walikuwa na njaa, wala Bwana Yesu hakuwalaumu. Nimelihubiri neno lile mara nyingi. Nalijua kwa Kiswahili na kwa lugha yetu. Na siku lilipohitajika lilinijia likiwa limechelewa kama lile lori. Nilimwombea mtoto yule mpaka Morogoro, na hadi leo namwombea.

Dar es Salaam, uwanjani

Nilifika michezo miwili ya nchi yetu imeshachezwa. Zefania na wenzake walikuwa kambini na hakuna mgeni aliyeruhusiwa. Kijana wa Misigiri, aliyerudi kazini kabla yangu, alinieleza kwamba tumeshinda mmoja na kutoka sare mmoja, na Zefania amesimama vizuri sana. Ulibaki mchezo mmoja, siku hiyo hiyo alasiri. Sare ingetutosha. Alinielekeza uwanja, akaenda zamu yake.

Getini nilimkuta mlinzi, Mzee Abdala, mtu wa pwani wa umri wangu, amevaa kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono. Nilipomwambia nimetoka Singida alipiga mapaja yake.

"Watu wa bara ninyi ni watani zetu. Umetembea?"

"Nimekuja kwa treni."

"Basi bado umetembea, treni ile haikimbii. Na hicho shingoni ni chakula cha njiani kilichobaki?"

Nikamwambia mimi ni baba wa golikipa na nimemletea maziwa. Akaacha utani, akanipa mkono upya kama mtu aliyeambiwa jambo kubwa. "Yule kijana anaokoa kama ana macho magotini," akasema. Akanipitisha pembeni, akanikalisha kwenye gogo nyuma ya goli alimokuwa amesimama Zefania. Akarudi getini kwake.

Ndugu zangu, sikuwa nimemwona mwanangu kwa miaka. Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa amefungwa mapedi makubwa miguuni, manene kama magodoro, na usoni ana kinyago cha waya. Wale wa nchi ya pili walikuja mbio na magongo yao, mpira ukapigwa kwa mlio kama wa fimbo kavu inayovunjika, na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua, mpira ulikuwa umegonga mguu wake ukaenda nje. Ilitokea hivyo tena na tena. Kila mara nilitaja jina la Mungu kwa midomo. Waliokaa karibu nami, nilikuja kujua baadaye, waliiona midomo hiyo ikicheza.

Filimbi ya mapumziko ikalia, hakuna upande uliofunga. Zefania akageuka akaniona. Akavua kinyago. Alikuja hadi nilipo, na kwa yale mapedi hakuweza kupiga magoti sawasawa, akajiinamisha kama ngamia, akaweka mikono chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako anakusalimu."

"Umekuja nayo?"

Nikafungua kibuyu. Nikapiga funda, nikampulizia kifuani, nikamwombea kwa Mungu wa baba zetu asimame imara, macho yake yaone, asiaibishwe mbele ya watu. Maziwa yalikuwa makali hata yakanitoa machozi, au sijui kama yalikuwa maziwa. Akasema amina. Mchezaji mwenzake akamwita akanywe maji, akainuka akaenda mbio mbio, na shati lake lina madoa meupe.

Yalibaki maziwa chini ya kibuyu. Nami nilifanya kama inavyopaswa. Nilivuka ule mstari mweupe, nikaenda mahali ambapo nimemwona mwanangu amesimama muda wote ule, katikati ya goli, nikayamwaga yote pale chini, nikasema, "Mahali hapa pampokee." Nikarudi kwenye gogo. Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Filimbi ikalia. Wachezaji wakarudi. Nikamwona Zefania anatembea, anatembea, anapita katikati ya uwanja, anakwenda goli la mbali. Na kwenye goli lililo mbele yangu akaja golikipa wa wale wengine.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba wakipumzika wanabadilishana magoli. Kwetu mtu akijenga upande mmoja wa kisima hahamii upande wa pili mchana.

Golikipa yule alikuwa kijana mrefu. Alifika kwenye mstari akasimama. Akatazama chini, penye weupe na harufu. Akanitazama mimi, mzee mwenye kibuyu mkononi. Akatoka golini akaketi nje, akakataa kuinuka. Kapteni wao akaja, akaona, akaita wenzake. Kwa lugha yao sikuelewa neno hata moja, ila neno "mganga" nalijua kila linapotamkwa.

Mwamuzi alisimamisha mchezo. Likawa duara la watu, na mimi ndani yake. Kiongozi wa timu yetu, bwana mmoja wa makamo mwenye suti ya mikono mifupi, alikuja amekunja uso kwa aibu.

"Ndugu mzee," akasema, "sisi tunajenga taifa. Tumealika wageni. Nawe unatuletea uchawi mbele yao?"

"Mimi ni mwinjilisti," nikasema.

"Na hiki ni nini?"

"Ni maziwa."

"Maziwa ya nini golini kwa watu?"

Nikaona kwamba kila jibu la kweli litamfikia mwanangu. Nikanyamaza.

Kiongozi akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wale wageni, kwamba kama mzee huyu ni mwendawazimu aliyejiingilia tu, atatolewa nje, goli litaoshwa, na mchezo utaendelea. Lakini kama ameletwa na mchezaji yeyote, mchezaji huyo anatoka, maana ndivyo walivyokubaliana nchi zote kabla ya kuanza. Halafu akaniinamia, na kwa sauti ndogo, karibu ya kunibembeleza, akaniuliza, "Mzee, kuna mtu unayemjua katika timu hii?"

Nilimtazama Zefania kule mbali, mdogo kwenye goli lake. Nikaomba moyoni abaki pale pale. Nikaomba, Bwana unisamehe, kwamba wakimwuliza aseme hanijui. Nilikuwa tayari kusikia. Nilikuwa nimeshamsamehe kabla hajasema.

Akaja. Alivuka uwanja wote na mapedi yale, akiyumba, watu wote wakimngoja, na duara likamfungulia njia. Yale madoa yalikuwa bado kifuani.

"Huyu ni baba yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwita. Amenibariki kama tunavyobariki kwetu. Amekosea goli."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kiongozi hakucheka. Alimwangalia Zefania kwa muda, nadhani alikuwa anamngojea ayarudishe maneno. Kisha akamwambia avue mapedi.

Hawakuwa na golikipa mwingine mzima. Mapedi alivishwa mshambuliaji, mtu mfupi, yalimfika mapajani. Vijana walileta ndoo za maji wakaosha goli la wageni, wakaosha tena. Mimi nilitolewa kwa mkono, na Mzee Abdala alinipokea getini. Tulisikia kutoka pale: mlio wa gongo, kisha kelele za wageni wakifunga. Halafu mlio mwingine.

"Mtani," Mzee Abdala akasema, "mbona hukuniuliza? Ningekwambia wanabadilishana."

Alinichukua kwake jioni hiyo, mkewe akatupikia wali wa nazi na samaki mkubwa. Watu wema sana. Waliniwekea kipande cha tumboni, chenye mafuta. Nilikula wali mtupu, mpaka yule mama akadhani sisi wa bara hatuli samaki, akanikaangia yai.

Stesheni

Zefania alinisindikiza hadi kwenye treni. Alikuwa ameshajua: hayumo katika timu ya kwenda Ulaya, na mkuu wa karakana amemwambia arudi kwenye vyuma vyake. Alinieleza kwa maneno machache, kama mtu anayemweleza mwingine njia.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Usishuke Dodoma, treni haikai."

"Sitashuka."

Nikamwambia anisamehe. Akasema hakuna la kusamehe, mimi nimefanya alichoniomba. Nikamwuliza mbona hakukaa kimya kule mbali. Akawa anatazama vyuma vya reli.

"Nilikuona umesimama tu katikati ya watu wale," akasema. "Nikaona husemi."

Filimbi ya treni ikalia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa ule mpira. "Mwambie mama nimepokea," akasema. Nilipotazama dirishani alikuwa ameshageuka, nami nikamtambua tena kwa mgongo.

Nyumbani

Ya kurudi sina mengi ya kuandika. Treni ilikuja kwa wakati wake, basi halikuharibika, lori lilinikuta barabarani kabla sijakaa chini. Safari nzuri huja wakati mtu hana haraka ya kufika.

Mama Zefania alinipokea, akanipa maji ya kunawa na uji, akangoja nimalize. Nikamsimulia yote kama nilivyowasimulia hapa, hata habari ya yule mtoto wa Itigi. Hapo alishika kichwa akasema, "Si ungempa," nikasema ndiyo. Nilipofika mahali Zefania alipovuka uwanja, nilimwambia kwamba Mungu ametupa mwana asiyemkana baba yake, hata kwa faida. Nilisema hivyo nikitaka kumfariji. Pengine nilitaka kujifariji mimi.

Akawa anachokoa moto.

"Walikuuliza wewe kwanza, au yeye?"

"Mimi kwanza."

"Walikuuliza kama unamjua mtu."

"Ndiyo."

"Ukasema nini?"

"Nilinyamaza."

"Ungesema humjui, angebaki golini?"

"Angebaki."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningekuwa nimesema uongo, mama Zefania. Mbele ya watu. Mimi mwinjilisti."

"Lakini ulitaka yeye auseme."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeona kamba imefungwa vibaya, anamwonyesha mwenziwe. Akaondoka kwenda kufungia ndama.

Mpaka sasa hatujalizungumza tena, na tunaishi vizuri, namshukuru Mungu. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kuhubiri. Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu, naye bado anaishika.